Mfiwa wa Timu ya Chuo

Timu ya chuo chetu ilishinda mara moja katika miaka miwili niliyokaa pale, na mara hiyo wapinzani walikwama njiani wakafika jua limeshazama, refa akatupa ushindi wa mezani. Tulisherehekea hivyo hivyo. Tuliimba kutoka uwanjani mpaka bwaloni, na mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani amefariki.

Nasema haya mwanzoni ili msomaji asije akasubiri kombe. Hakuna kombe. Watu hupenda kusimulia habari za timu zilizoanguka zikasimama, na mimi nikizisikia hupandisha mabega tu, kwa sababu kuipenda timu inayosimama hakuhitaji moyo. Mtu yeyote anaweza. Timu yetu ilihitaji watu wenye moyo, na tulikuwa saba.

Chuo kilikuwa cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Korogwe, reli ikipita upande mmoja na mkonge ukianza upande wa pili na kuendelea mpaka macho yachoke. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa Elimu ya Kujitegemea. Alfajiri tulilima, mchana tulisoma namna ya kufundisha watoto, jioni tulilima tena. Wachezaji wetu walifanya mazoezi katika muda uliobaki, na uliobaki ulikuwa mdogo. Walikimbia viganja vimejaa malengelenge na matumbo yamejaa uji mwepesi. Golikipa wetu, Msambaa mrefu wa milimani, alikuwa na malezi mazuri kupita kiasi. Akifungwa aliuokota mpira, akaufuta vumbi kwa kiwiko, akamkabidhi aliyemfunga kwa mikono miwili. Nilimpigia kelele mpaka koo likakauka. Baadaye aliniambia kwamba mama yake hakumfundisha kumtupia mtu kitu. Nahodha alikuwa winga kutoka Magoma, mfupi, mwepesi ajabu mpaka apewe mpira. Akishaupata, ghafla alitembea kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani.

Mimi sikuwa na sababu ya kuwapenda. Nilikwenda uwanjani Jumamosi ya kwanza kwa kukwepa kufua, nikawakuta wamefungwa manne na kipindi cha kwanza hakijaisha, na watazamaji wa upande wetu wanaondoka mmoja mmoja wakijifanya wana shughuli. Kitu hicho kiliniudhi. Si kule kufungwa, ni kule kuondoka. Nyuma ya goli palikuwa na debe tupu la mafuta ya taa. Nililiokota nikaanza kulipiga, na nikalipiga mpaka kipenga cha mwisho, sita kwa bila. Kuanzia siku hiyo sheria yetu ikawa moja: tukifungwa, tunaimba kwa sauti kubwa zaidi. Refa mmoja wa mjini aliwahi kusimamisha mchezo akaja kutuuliza kama tunajua ni upande gani uliofunga.

Msimamizi wa bweni letu hakupenda. Alisema msichana wa Kiislamu, mwalimu mtarajiwa, hapigi debe mbele ya wanaume wenye kaptula. Nilimjibu kwamba wanaume wenyewe hawajawahi kunitazama, wanatazama mpira ulikoenda. Akanipa adhabu ya kufagia uwanja wa paredi kwa wiki moja. Nilifagia, na Jumamosi nikaenda.

Wapinzani wetu wakubwa walikuwa timu ya shamba la mkonge lililopakana na chuo. Hao walikuwa vijana waliobeba mizigo ya mkonge tangu utotoni, wenye mapaja, na walitufunga bila hata kuvua kofia. Kiongozi wa mashabiki wao alifanya kazi kwenye korona, ule mtambo wa kukwangua majani ya mkonge, na nguo zake zilinuka maji ya korona hata siku ya sikukuu. Baba yake alikuja manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Unyamwezi wakati wa Mwingereza na hakurudi tena. Mimi ni Mzigua wa Handeni, wa vijiji vya upande wa Kwamsisi. Na Mzigua na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya miguu iliyopita kwetu kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe huruhusiwi kununa. Anaweza kuingia uani kwako, akachagua kuku, akaondoka naye, na wewe unamsindikiza. Lakini mtani ana kazi zake pia, na hizo watu huzisahau wakati wa kucheka.

"Mtumwa wangu, hujambo?" ndivyo alivyonisalimu kila Jumamosi.

"Sijambo, mtumwa. Leo umeoga?"

"Mtu haogi akienda msibani."

"Basi kaa mbali, marehemu asije akafufuka kwa harufu."

Halafu mchezo ulianza, na baada ya robo saa yeye alikuwa anacheka na mimi nalipiga debe.

Mwaka wangu wa pili mvua zilikuwa haba, na nchi nzima ikaanza kula unga wa njano uliotoka ng'ambo. Serikali ikasema kilimo ni cha kufa na kupona, na waliosema hivyo hawakuwa wanatania. Amri ikaja kutoka wilayani kwamba kila taasisi iongeze ekari mbili za mahindi kabla ya vuli. Jumamosi iliyotangulia amri hiyo tulikuwa tumefungwa saba na timu ya mkonge. Jumatatu, kwenye paredi, Mkuu wa Chuo akatangaza kwamba ekari mbili zimepatikana. Ni uwanja wa mpira.

Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya, na sitaki kumfanya mbaya ili hadithi yangu ipendeze. Alikuwa mwembamba, mtu wa mkoa mwingine, mwenye kofia ya pama, na alilima pamoja nasi kwa jembe lake mwenyewe. Jembe lile nililiheshimu. Alieleza kwamba trekta la wilaya litafika Jumamosi ya wiki inayofuata, kwa siku moja tu, na trekta haliingii porini. Uwanja ulikuwa wazi, hauna kisiki hata kimoja.

"Mpira haushibishi," akasema, "na wa kwetu hata haufurahishi."

Chuo kizima kikacheka. Wachezaji wenyewe walicheka, na hapo ndipo damu iliponipanda. Nilinyoosha mkono na sikungoja kuruhusiwa.

"Ndugu Mkuu, lile pori la nyuma ya bwalo ni la nani?"

"Ni la chuo. Limejaa migunga."

"Likifyekwa ekari mbili kamili, likang'olewa visiki vyote kabla ya siku ya trekta, trekta litalima wapi?"

Aliligeukia pori. "Nani atakayelifyeka? Kila mtu ana zamu yake ya shamba."

"Sisi. Baada ya zamu."

"Ninyi akina nani?"

"Mashabiki."

Chuo kikacheka mara ya pili, na safari hii hawakunyamaza mpaka Mkuu alipoinua mkono. "Ndugu mwanachuo," akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, "asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Basi mimi si mshindani, Mkuu. Mimi ni shabiki."

Sijui kama alikubali kwa sababu ya jibu hilo au kwa sababu wenzangu walianza kupiga makofi kwa kejeli naye akataka paredi iishe. Alikubali, lakini kwa masharti yaliyonyooka. Trekta likifika, dereva atalipita pori kwa miguu. Akikuta kisiki kimoja, kimoja tu, atageuza trekta na kuingia uwanjani.

Jioni ile nahodha alinifuata nje ya bwalo. Nilidhani amekuja kushukuru.

"Dada," akasema, "kwa nini unatuhangaisha? Waache walime. Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi tutalala kama watu wengine."

Sikumwambia maneno mazuri. Nilimwambia nimeitazama miguu yake mwaka mzima na hajaniomba msamaha hata mara moja, kwa hiyo leo hana haki ya kuniomba nipumzike. Nilimwambia pia kwamba akitaka kulala, bweni liko wazi, lakini asilale juu ya uwanja wangu. Alishangaa kusikia uwanja ni wangu. Mimi mwenyewe nilishangaa.

Nitasema wazi kilichokuwa moyoni, kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Miaka michache kabla, wakati wa kuhamia vijijini, watu wa kwetu tuliambiwa tuondoke kule mashambani tulikotawanyika, tukajenge pamoja kando ya barabara. Sababu walizotupa zilikuwa nzuri: shule, maji, zahanati. Shule ilikuja kweli, sikatai, wadogo zangu wamesoma hapo. Lakini siku ile hakuna mtu wa kwetu aliyeuliza swali. Baba yangu aliliteremsha paa la nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, fito moja moja, akazifunga kwa kamba na kuzitia begani. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimesoma, nina mdomo, na nilibeba sufuria nikanyamaza. Hakuna aliyetupiga wala kututukana. Tuliambiwa tu, tukaenda. Hasira ya siku ile haikuwa na pa kwenda, ikakaa kifuani, na Jumatatu ile ya paredi ikapata mlango. Huenda uwanja wa mpira wenye mteremko, wenye magoli ya miti yasiyo na nyavu, haukustahili hasira kubwa namna hiyo. Ndio uliokuwepo.

Jumanne tulikuwa wanne. Jumatano tukawa saba, ndio wote, pamoja na mwenzangu wa bwenini ambaye hakuupenda mpira hata kidogo.

"Nakuja kwa ajili yako," aliniambia akifunga khanga kiunoni, "si kwa ajili ya wale wapole."

Stoo ya chuo ilitupa mapanga matatu, mashoka mawili, sululu moja na mtaimbo uliopinda. Kufyeka hakukutushinda. Miiba ilituchana, lakini mgunga ukishaangushwa umeanguka. Kazi ilikuwa visiki. Kisiki cha mgunga hakikatwi juu kikaachwa, maana jembe la trekta litakigonga. Kinachimbuliwa. Unakizunguka kwa shimo mpaka ufike kiunoni, unaikata mizizi mmoja baada ya mwingine, halafu mnakivuta wote kwa pamoja mkitukanana. Na ardhi ilikuwa ya kiangazi, ngumu, sululu ikigonga inarudisha mikono mpaka mabegani.

Ijumaa akaja golikipa. Alisimama pembeni kidogo, akasema, "Samahani kwa kuchelewa," akachukua sululu mikononi mwangu na kushuka shimoni. Kesho yake wakaja mabeki wawili, keshokutwa wengine, kila mmoja kwa aibu yake. Nahodha alikuja wa mwisho, Jumatatu. Ninakiri kwamba alichimba vizuri kuliko wote. Laiti angecheza kama alivyochimba, nisingekuwa na habari ya kuandika.

Hata hivyo kazi haikuelekea kwisha. Pori lilikuwa na visiki vingi kuliko nilivyoona siku ile kutoka kwenye paredi, na jioni zilikuwa fupi. Wenzetu wengine walipita wakienda kuoga, wakasimama kututazama na miswaki midomoni. Alhamisi jioni golikipa, ambaye hesabu lilikuwa somo lake, alizunguka pori lote kisha akarudi.

"Vimebaki ishirini na viwili," akasema. "Kesho tukianza mchana, kwa mwendo wetu, tutang'oa tisa."

Nilitamani kumwambia amekosea. Lakini hesabu zake za darasani hazikuwahi kukosea, zilizokosea ni za golini tu. Usiku ule nililala nikiwa nimeshindwa, na nililia, na nilijificha chini ya blanketi ili mwenzangu asisikie.

Ijumaa saa tisa alasiri tulikuwa mashimoni, hata kisiki kimoja hakijang'oka, tuliposikia kilio. Kilitoka upande wa mkonge, kilio cha watu wengi, cha kupanda na kushuka, na golikipa akavua kofia akidhani kuna msiba wa kweli. Wakatokea kwenye njia ya reli, watu kama thelathini, wametoka kazini moja kwa moja. Mbele walibeba jeneza la magome ya mgomba. Ndani yake walilaza shina la mgomba lililovishwa fulana chakavu, na mgongoni mwa fulana wameandika namba moja kwa mkaa. Mtani wangu wa korona alitangulia, amejifunga kaniki na kujipaka majivu usoni, analia kwa uchungu kuliko mjane. Nyuma yao alikuja bibi mmoja wa Kinyamwezi mwenye kiko, mkubwa kuliko wote, ambaye nilijua kwamba ndiye wanayemwogopa pale kambini kwao.

"Mtumwa wangu," mtani akalia aliponifikia, "pole sana kwa msiba. Tumesikia kesho mnalimwa. Tukasema watani hawawezi kukaa kimya, maiti tumeileta wenyewe. Tuiweke wapi?"

Watu wake walianguka chini kwa kicheko. Wachezaji wetu waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa na jembe mkononi, viganja vimechubuka mpaka nyama inaonekana, na nilikuwa karibu kufanya kosa ambalo kwetu ni aibu kuliko kufungwa saba, kumkasirikia mtani. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikaitazama mikono yao. Mikono sitini, mipana, iliyokomaa kwa mkonge, na wengine wamekuja na mapanga yao ya kazini viunoni.

Niliweka jembe chini. Nikakaa juu ya ardhi, nikanyoosha miguu mbele kama akaavyo mfiwa, nikajifunika khanga kichwani, nikaanza kulia kwa sauti. Haikunipa taabu. Machozi yalikuwa karibu tangu jana.

Kicheko chao kilipungua. Mtani akainama. "Mtumwa?"

"Asanteni kwa kuja, watani," nikasema ndani ya khanga. "Asanteni kwa maiti. Mmekuja na kila kitu. Kaburi liko wapi?"

"Kaburi gani?"

"Nakuuliza wewe. Mzigua akifa, nani huchimba? Mfiwa?"

Jibu alilijua. Kwetu mfiwa hashiki jembe. Mtani ndiye anayechimba, ndiye anayeshuka kaburini akajilaza kupima kama linatosha, akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Mtani anayefika msibani akacheka, halafu akaondoka bila kuchimba, habari zake husimuliwa mpaka kwa wajukuu wake.

"Lakini hii si maiti ya Mzigua," akajitetea. "Golikipa wenu Msambaa. Na nahodha sijui ni kabila gani, hata mpira haumjui."

"Anayelia ni nani?"

Akawageukia wenzake.

Niliondoa khanga usoni nikamtazama. "Mfiwa ni mimi. Na mimi ni Mzigua. Chimbeni."

Kisha bibi akatoa kiko mdomoni, akacheka kicheko cha taratibu, kirefu, kilichomtikisa mabega.

"Umenaswa, mwanangu," akamwambia mtani wangu. "Shika jembe. Usitutie aibu kwa Wazigua."

"Kaburi liwe wapi?" akaniuliza, na sauti yake haikuwa tena ya kilio.

Nikamwonyesha kisiki kilichokuwa karibu. "Hapo. Na pale. Na pale. Timu nzima imekufa. Kumi na mmoja wa ndani na kumi na mmoja wa akiba."

Hatukuwahi kuwa na wachezaji wa akiba kumi na mmoja. Siku nyingine hatukuwa hata na wa ndani kumi na mmoja. Lakini mfiwa haulizwi.

Walichimba. Naona mpaka leo jinsi walivyochimba, watu waliotoka kazini tangu alfajiri, wakiimba nyimbo za mazishi na kuzigeuza kuwa matusi. Kila shimo walilipa jina. "Hili la beki wa kulia, lichimbeni refu, maana huyu hapatikani akitafutwa." "Hili la winga, liwe karibu na njia, atachoka kufika." Wachezaji wetu waliingia mashimoni pamoja nao, kila mmoja akachimba kaburi lake mwenyewe huku akitukanwa, na kwa mara ya kwanza niliwaona wakicheka bila kujicheka. Mwenzangu wa bwenini alikimbia jikoni akamlainisha mpishi, wakaja na sufuria la ugali wa njano na mboga za matembele. Jua lilipokuwa linagusa mkonge kisiki cha mwisho kiling'oka. Kilivutwa na watu kumi na wawili, sita wao na sita wetu.

Mtani wangu akaruka ndani ya shimo hilo la mwisho, akajilaza chali, akafumba macho.

"Sitoki," akasema. "Haki yangu."

"Unataka nini?"

"Debe."

Nilinung'unika, kama inavyotakiwa, nikalileta debe langu, akapanda juu nalo akilipiga. Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, huita mtu, kwa hiyo ule mgomba wenye namba moja tuliuzika humo kwa heshima zote, golikipa akiwa amesimama upande wa kichwa kumwangalia. Mashimo mengine tukayafukia na kuyashindilia kwa miguu. Bibi alipokuwa anaondoka alinishika kidevu, akanigeuza uso kushoto na kulia kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Wewe," akasema, "wachezaji wako wangekuwa na miguu kama mdomo wako, tungekoma."

Jumamosi asubuhi trekta lilifika. Dereva alishuka, akalipita pori lote kwa miguu kama tulivyokubaliana, akipiga udongo kwa kisigino. Mkuu alitembea nyuma yake na fimbo. Mimi sikuweza kutazama, nilitazama uwanja. Waliporudi, dereva alipanda kwenye kiti, akaliwasha, akaligeuza kuelekea nyuma ya bwalo. Udongo ukaanza kupinduka mweusi. Nikakaa pale pale kwenye nyasi, na nilijisikia vizuri kuliko siku nilipofaulu mtihani wa kuingia chuo. Nilikuwa nimeambiwa kitu kitaondoka, na hakikuondoka.

Mkuu alinijia. "Jana mlikuwa wangapi?"

"Wafiwa tulikuwa kumi na wanane, Mkuu. Wachimbaji thelathini."

"Mliwalipa nini?"

"Ugali, na debe moja bovu."

Alitaka kuuliza zaidi, akaacha. Hakuwa mtu wa kwetu, na kueleza utani kwa mtu asiye na mtani ni kazi kubwa kuliko kung'oa visiki.

Jumamosi iliyofuata tulicheza na timu ya mkonge, kwenye uwanja wetu, mistari imechorwa kwa majivu ya jikoni. Chuo kilijaa pembeni kuliko siku yoyote niliyoiona. Wengi walikuja kwa sababu walitaka kuona kitu tulichokipigania, na walikiona: dakika ya nane tulikuwa tumeshafungwa mawili. Debe langu lilikuwa upande wa pili, mtani analipiga kwa mbwembwe, nasi tukaimba kwa makofi. Kwa mara ya kwanza sauti yetu haikuwa ya watu saba. Nahodha alipiga shuti moja kali lililogonga mwamba, na kelele iliyotoka ilimfanya asimame kushangaa, wakamnyang'anya mpira wakaenda kufunga la tatu. Ikaisha tano kwa bila.

Hakuna aliyeondoka kabla ya kipenga. Niliwaangalia kwa jicho kali mmoja mmoja, na hakuna aliyeondoka.

Mkuu alikuwa amesimama karibu yangu tangu kipindi cha pili, pama mkononi. Hakuwahi kuja uwanjani kabla ya siku ile. Wachezaji walipokuwa wanapeana mikono alinigeukia.

"Haya," akasema. "Umechimba wiki mbili. Wamefungwa matano. Umeridhika?"

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Haikuwepo, aliuliza kweli.

"Nimeridhika, Mkuu," nikamjibu. "Na Jumamosi ijayo tutafungwa tena hapa hapa."

Aliutazama uwanja, kutoka goli moja mpaka jingine, polepole, kama mtu anayepima ekari. Kisha akavaa pama lake.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi kamili," nikamwambia. "Usichelewe, Mkuu. La kwanza huwa linaingia mapema."